Tochi za waamuzi

Goma

Ndugu yangu,

Jambo sana. Habari ya Katuba huko Lubumbashi, habari ya bukari, ugali wenu? Sisi tuko. Sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani, zimepanda bei tena, lakini hilo si geni kwako.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza: kama filamu zetu za maisha ya kweli ni nzuri hivyo, mbona tuzo za Oscar za Marekani haziwaoni wanaozitengeneza? Swali fupi, na limeninyima usingizi.

Jumamosi tuliangalia “En route pour le milliard” ya Dieudo Hamadi, mwana wa Kisangani. Tulikuwa watu saba mbele ya kompyuta moja, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Ni habari ya wale walioachwa vilema na vita ya siku sita, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana ndani ya Kisangani mwezi wa sita 2000. Wanashuka na mto mpaka Kinshasa kudai fidia. Mama mwenye nyumba alikuja kuomba chumvi. Mvua ikawakuta wale watu majini, maturubai yanapigwa na upepo, naye akabaki mlangoni na kikombe mkononi mpaka filamu ikaisha. Hakusema ni nzuri wala mbaya. Aliuliza, “Na zile pesa, walipewa?” Nikamweleza kwamba mwaka 2022 korti ya The Hague iliamua Uganda iilipe Congo dola milioni 325 kwa ajili ya vita. Akanitazama. “Nimeuliza, walipewa?”

Filamu hiyo tamasha la Cannes, Ufaransa, waliichagua mwaka 2020, mwaka ambao Corona ilifunga kila kitu. Ikapewa jina la kuchaguliwa bila kupewa ukumbi wa kuonyeshwa. Bahati yetu hiyo!

Sasa Oscar. Ili filamu ya namna hii ishindane, ionyeshwe siku 7 kwenye sinema ya kulipia katika moja ya miji mikubwa ya Marekani, au iwe imeshinda kwenye tamasha lililo katika orodha yao. Kisha zinachujwa mpaka 15, halafu 5. Wapiga kura ni maelfu, na lazima mtu alipie matangazo ili wakumbuke kwamba filamu yako ipo. Kijana wa Birere, mtaa wa hapa Goma, anayehariri usiku kwa sababu ndipo umeme unaporudi, hizo pesa atazitoa wapi? Kwa hiyo mimi naona tuzo inapima kwanza filamu imefika wapi. Uzuri unafuata nyuma, ukipata nafasi.

Usidhani ni sisi tu. “Hoop Dreams” ya 1994, karibu saa tatu za vijana wawili wa Chicago na mpira wa kikapu, haikuingia hata kwenye zile tano za filamu za kweli. Waamuzi wa wakati ule walikuwa na desturi ya kuwasha tochi gizani wakichoka. Tochi zikiwa nyingi, filamu inazimwa. Hiyo nayo ilizimwa mapema. Kelele zikawa nyingi mpaka wakabadilisha utaratibu. Na mwaka 2025 walitangaza kwamba asiyetazama filamu zote za kundi hapigi kura ya mwisho katika kundi hilo. Yaani ilibidi waandikiwe!

Lakini nisikudanganye. Mwaka huohuo iliyoshinda ni “No Other Land”, ya Wapalestina na Waisraeli, ambayo hakuna kampuni ya Marekani iliyokubali kuisambaza. Hapo maneno yangu ya pesa yanayumba kidogo, nakubali. Kati ya zilizoshindwa siku ile ni ile ya Lumumba ya Mbelgiji Johan Grimonprez, “Soundtrack to a Coup d’Etat”. Na “Virunga”, ya hifadhi yenye milima ninayoiona nikifungua dirisha, iliingia kwenye tano za 2015 ikiwa ya Mwingereza. Habari zetu zinafika, ndugu yangu. Sisi ndio tunabaki Petite Barrière, mpakani na Rwanda, tukitafuta karatasi za kuvukia.

Hiyo ya Lumumba sijaiona. Wewe uko hukohuko walikomuulia, kwa hiyo kuikosa ni aibu yako. Ukipata mtu anayepanda huku, nitumie kwenye flashi. Mama mwenye nyumba ameshaniuliza Jumamosi tunaangalia nini, na safari hii amesema atakuja na kiti chake.

Nisalimie watoto na mama yao.

Ni mimi, ndugu yako wa Ndosho