Usizibe mwanya wa juu kwa saruji, weka wavu

Mteja akifika karakana kwetu Nyakato, Mwanza, mwishoni mwa ujenzi, mara nyingi fedha iliyobaki ni ya mlango wa mbele, madirisha ya alminiamu na pengine dari ya jipsamu ya sebuleni. Vyumba vya watoto vitamaliziwa baadaye. Kabla ya kuzungumza bei, huwa tunamwuliza: kule juu, bati linapokutana na ukuta, pamefanywaje?

Tunauliza kwa sababu mwanya unaoachwa pale ndio mlango mkuu wa mbu wa malaria. Mbu huyo, anofelesi, huja usiku akifuata pumzi na harufu ya watu waliolala. Akikutana na ukuta hupanda nao, na akikuta uwazi chini ya bati anaingia. Ndiyo maana mtu anafunga madirisha mapema jioni, anapuliza dawa, na bado usiku anasikia mlio sikioni. Kanda yetu ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi zaidi Tanzania Bara, na anayeumia kwanza ni mtoto wa chini ya miaka mitano.

Wengi wakishalijua hili wanamwita fundi aje azibe kwa vipande vya tofali na saruji. Hapa tunatofautiana na mafundi wengi, na tunalisema waziwazi. Bati likipigwa na jua kutwa nzima, joto lake linashuka vyumbani, na lile joto lilikuwa likitokea kwenye mwanya huohuo. Ukiuziba bila kuweka njia nyingine ya hewa, chumba kinabaki na fukuto mpaka usiku mwingi. Watoto wanatupa shuka, chandarua kinafungwa fundo juu kwa sababu ndani yake hakulaliki, na wakubwa wanakaa barazani hadi saa tano wakisubiri nyumba ipoe. Mbu amezuiwa kuingia, lakini watu wamemfuata nje.

Wavu unaacha hewa ipite na mbu abaki nje. Kuna utafiti wa Gambia, matokeo yake yalitoka mwaka 2009, ambao tunapenda kuwaeleza wateja. Nyumba zipatazo 500 ziligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza liliwekewa nyavu milangoni na madirishani, na mwanya wa juu ukazibwa. La pili liliwekewa dari ya wavu tu, mwanya ukaachwa wazi. La tatu halikufanyiwa kitu hadi utafiti ulipokwisha. Katika nyumba zisizoguswa, watoto 19 kati ya kila 100 walikuwa na upungufu wa damu, ambao malaria ya mara kwa mara ni chanzo chake kimojawapo kikubwa. Katika nyumba zilizofungwa kila mahali walikuwa 12. Katika zile za dari ya wavu peke yake walikuwa 12 vilevile. Tazama jinsi namba hizo mbili za mwisho zilivyolingana! Dari ya wavu ni fremu za mbao na wavu uliovutwa ukakaza, kazi ambayo gharama yake haifiki hata karibu na jipsamu. Chandarua chenye dawa kiendelee kutumika hata hivyo, maana mlango hufunguliwa na mbu wachache wataingia tu.

Kuhusu aina ya wavu: ule wa chuma wa bei ya chini hushika kutu ukipigwa na mvua misimu michache, kwa hiyo tunatumia wa faibaglasi. Na uwe na brashi laini nyumbani. Wale wadudu wadogo wa ziwani wasiouma, wanaojaa kwenye taa jioni, wakifia kwenye wavu pamoja na vumbi huziba matundu, na hewa haipiti tena.

Sasa madirisha. Ya alminiamu ya kusukuma yanapendeza na sisi tunayatengeneza, lakini mteja ajue anachonunua: dirisha la vioo viwili vya kusukuma hufunguka nusu tu, siku zote. Kama chumba kina dirisha moja la namna hiyo na wanalala watu wanne, hewa haitoshi. Kifua kikuu husambaa kwa hewa, na chumba kilichojaa watu kisichopitisha upepo ndicho kinachokisaidia kusambaa. Luva za zamani, ambazo wengi wanazing'oa siku hizi, zilikuwa zinafunguka karibu dirisha zima. Ukitaka ya kusukuma, basi yawe mapana zaidi, na chumba kiwe na matundu ya hewa upande wa pili. Mwanza tuna bahati ya upepo wa ziwa: mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Nyumba yenye uwazi pande zote mbili inaupata kokote unakotokea.

Jiko la mkaa lisiwashwe chumbani wala kwenye korido, hata mvua ikinyesha. Mkaa uliokwisha kushika moto haufuki moshi wa kuonekana, lakini unatoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Wavu wetu hauwezi kukusaidia kwa hilo.

Nyumba za vilimani, Mabatini, Igogo, Isamilo na kwingineko, zina shida yao. Ili kupata kiwanja watu huchimba mlima, na ukuta wa nyuma unabaki umegusana na udongo au mwamba. Mvua za Machi hadi Mei zikishuka, maji yanapenya ukutani na ukungu mweusi unatokea nyuma ya kabati. Mwenye pumu anaamka kifua kikimbana. Mama mmoja alituita tumwekee dari kwenye chumba cha hivyo, rangi ikiwa imeshapakwa upya na kubabuka tena. Tulimshauri fedha ya dari aitumie kwanza kuchimba mtaro nyuma ya nyumba, maji ya mlimani yapite pembeni, na ukuta uachwe ukauke kabla ya kupigwa plasta mpya. Kazi ile ilikwenda kwa fundi ujenzi, si kwetu, na ndivyo ilivyopaswa kuwa. Anayeanza kujenga sasa aache nafasi kati ya ukuta na mlima, na ahakikishe nailoni ya kuzuia unyevu imetandikwa juu ya msingi kabla kozi za ukuta, yaani mistari ya tofali, hazijapanda.

Ndugu zetu wapangaji mara nyingi hutuambia, "Nyumba si yangu, nitafanya nini?" Tunatengeneza fremu nyepesi za mbao zenye wavu, zinazoshikiliwa kwa vibanio ndani ya dirisha bila kutoboa ukuta. Ukihama, unahama nazo, na zikizidi upana kidogo kwenye dirisha jipya tunazipunguza. Dari ya wavu haihamishiki kirahisi hivyo, kwa hiyo zungumza na mwenye nyumba kwanza. Wenye nyumba wengi hukubali, kwa kuwa chumba kinabaki na thamani zaidi. Mkikubaliana gharama ikatwe kwenye kodi, andikeni kwenye mkataba, nasi tutawapa risiti inayoonyesha kilichofungwa, vipimo vyake na kiko chumba kipi.