Fedha ya televisheni na sisi tuliobaki Pullman

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wako wa safu ya michezo amevipigia makofi vyuo vikuu vya Marekani vilivyohama ligi zao za futiboli kufuata fedha ya televisheni. Amezitaja USC na UCLA za Los Angeles, Oregon, na Washington ya Seattle kuwa mfano wa uongozi unaojua biashara, halafu akawageukia viongozi wa klabu zetu na kuwaambia wakajifunze huko. Hesabu zake nyingi ni sahihi, ila amewahesabu walioondoka tu. Mimi nilisoma Washington State, kimojawapo cha vyuo viwili vilivyoachwa, na sasa naishi Spokane, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka Pullman, mji wa chuo hicho. Naomba nafasi niseme ya upande wetu.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe: hii si soka, ni ule mpira wa umbo la yai, wachezaji wamevaa helmeti na pedi za mabega. Vyuo hucheza katika umoja wa vyuo, nitauita ligi, na ligi ndiyo inayouza haki za matangazo. Zamani NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ndicho kilichoamua nani aonekane kwenye televisheni na mara ngapi. Mwaka 1984 vyuo vya Oklahoma na Georgia vikaibwaga NCAA katika Mahakama ya Juu, majaji saba kwa wawili, soko likafunguka. Mmoja wa wale wawili waliopinga, Jaji Byron White, alikuwa mwenyewe nyota wa futiboli enzi zake za chuo. Huwa namfikiria sana mzee yule.

Ligi yetu, Pac-12, mizizi yake ni ya 1915, na sisi tuliingia 1917. Tarehe 30 Juni 2022 USC na UCLA zikatangaza kuhamia Big Ten, ligi ya majimbo ya kaskazini ya kati, ambayo Agosti hiyohiyo ilisaini mkataba wa miaka saba wa zaidi ya dola bilioni 7 na Fox, CBS na NBC. Ukishaitoa Los Angeles kwenye ligi ya magharibi, unabaki unauza nini? Pac-12 ilihangaika mwaka mzima na kuishia na ofa ya Apple, iliyoripotiwa kuanzia kama dola milioni 23 kwa chuo kwa mwaka. Mwisho wa Julai 2023 Colorado ikaenda Big 12, ligi nyingine. Ijumaa ya tarehe 4 Agosti wakaondoka watano kwa mpigo: Oregon na Washington kwenda Big Ten, Arizona, Arizona State na Utah kwenda Big 12. Septemba mosi Stanford na chuo cha California, kile cha Berkeley, nazo zikapokelewa ACC, yaani Ligi ya Pwani ya Atlantiki. Umesoma sawasawa, Atlantiki, wakati ukitoka Stanford kwa gari unaifikia Pasifiki hata kabla redio haijamaliza taarifa ya habari na matangazo yake.

Tukabaki wawili, sisi na Oregon State.

Siitetei Pac-12. Ilikuwa na chaneli yake tangu 2012, chaneli ambayo haikuwahi kuingia DirecTV, kampuni ya televisheni ya setilaiti, kwa sababu viongozi walijiona wakubwa kuliko walivyokuwa, na makao yao yalikuwa San Francisco, mahali ambapo kodi ya ofisi peke yake ni msiba. Kwenye hilo mwandishi wako amesema kweli. Lakini aliposema kwamba kila aliyehama ametajirika, hapo ameteleza. Oregon na Washington ziliingia Big Ten kwa mgawo pungufu, ulioripotiwa kuanzia kama dola milioni 30, wakati wenyeji wao walikuwa wakitarajia karibu mara mbili ya hiyo. Stanford na California zilikubali kupokea sehemu ndogo ya mgawo kamili kwa miaka mingi. SMU ya Dallas, iliyoingia ACC pamoja nazo, ilikubali kukaa miaka tisa bila kupokea fedha ya televisheni ya ligi hiyo. Miaka tisa! SMU inaweza, kwa sababu wahitimu wake wana visima vya mafuta, na ndani ya wiki moja baada ya habari hiyo chuo kilitangaza kuwa kimechangiwa dola milioni 100. Na kusema haki, msimu wa kwanza tu ilifika hatua ya mtoano ya kuwania ubingwa wa taifa. Mwenye nacho anaweza kununua kiti na akakikalia. Nauliza tu, hilo ni somo gani kwa klabu ya Morogoro au Kakamega?

California ndiyo inayonichekesha zaidi. Yenyewe na UCLA ni watoto wa mfumo mmoja wa vyuo vya jimbo, wana bodi moja. UCLA ilipoondoka ikamwachia ndugu yake hasara, na mwaka 2024 bodi ikaiamuru UCLA imlipe California dola milioni 10 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Huku wanaiita kwa utani matunzo ya talaka. Biashara gani hiyo ambayo mfuko wa kulia unaulipa fidia mfuko wa kushoto?

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Mwandishi wako anasema ushindani wa watani haufi, kwa sababu timu zikitaka kucheza zitapanga mechi. Huyo bwana hajawahi kuwa Pullman wiki ya Apple Cup.

Pullman ni mji mdogo katikati ya vilima vya ngano. Sensa ya 2020 iliukuta na watu kama 33,000, na uwanja wetu unaingiza watu idadi hiyohiyo. Yaani siku ya mechi mji unazaliwa pacha. Apple Cup ni mechi yetu na Washington, watani wetu wa jadi wa Seattle, iliyoanza 1900, na mahali pake ni mwisho wa Novemba, wiki ya Sikukuu ya Shukrani. Ndiyo inayofunga msimu. Mwaka ukiharibika wote unaweza kuuokoa siku hiyo, na mwaka ukinyooka wote unaweza kuupoteza siku hiyo.

Mwaka 2018 nilikuwa naosha vyombo kwenye hoteli moja pale. Vyumba vya wiki ile vilikuwa vimeshalipiwa tangu mwaka uliotangulia, na wageni wengine ni watu walewale, chumba kilekile. Ijumaa ile, Novemba 23, nilipewa ruhusa ya jioni, nikaenda uwanjani na koti jepesi, mtoto wa Morogoro asiye na adabu na baridi. Theluji ikaanza kumwagika mpaka mistari ya uwanja ikapotea, ikabidi wafanyakazi waifagie. Pembeni yangu alikaa mzee mkulima wa ngano na mkewe. Aliniangalia mikono, akavua glavu zake za ngozi akanipa, mwenyewe akachomeka mikono makwapani. Mkewe akafungua kopo la Cougar Gold, jibini inayotengenezwa na chuo chetu na kuuzwa kwenye makopo kama samaki, akanikatia kipande kwa kisu cha mfukoni. Mzee akanifundisha nani wa kumzomea. Tulifungwa 28 kwa 15. Nilipotaka kumrudishia glavu akasema, "Kijana, utanirudishia siku tukiwafunga."

Hatukuwahi kuonana tena. Lakini mechi iliendelea kutukutanisha maelfu kwa namna hiyo, mkulima na muosha vyombo, na tarehe yake ilijulikana kama tarehe ya kuvuna. Mechi ya mwisho ndani ya Pac-12 ilikuwa Novemba 25, 2023, huko Seattle. Dakika ikiwa ya mwisho, mambo 21 kwa 21, Grady Gross wa Washington akaupiga mpira katikati ya milingoti. Tukafa 24 kwa 21, na wao wakaenda zao.

Ni kweli mechi haikufa, vyuo vilisaini kuendelea hadi 2028. Ila Novemba sasa ni mali ya ratiba ya Big Ten, kwa hiyo Apple Cup ya 2024 ilichezwa Septemba 14, kwenye uwanja wa kukodi wa Seahawks, timu ya kulipwa ya Seattle. Tuliwafunga 24 kwa 19. Walikuwa wamefika yadi moja tu kutoka kwenye mstari wetu, wana jaribio la mwisho, tukawazuia. Nililia kwa furaha mbele ya wanangu, sikatai. Lakini baada ya hapo msimu ukaendelea miezi miwili mingine na mechi zisizo na jina, na kufika Novemba hakuna aliyekuwa akiizungumzia tena. Ni sawa na kula pilau ya Idi kisha ndiyo uanze kufunga.

Wenzetu wa Oklahoma hata hiyo pilau hawakuipata. Oklahoma na Oklahoma State walikutana kila mwaka tangu 1910. Novemba 4, 2023 Oklahoma State walishinda 27 kwa 24 pale Stillwater, Oklahoma wakahamia SEC, ligi ya majimbo ya kusini, na basi. Hata hivyo nisiwe mchoyo wa ukweli: SEC hiyohiyo ndiyo iliyowarudisha pamoja Texas na Texas A&M mwaka 2024, baada ya miaka kumi na tatu ya kununiana. Ila na kununiana kwenyewe kulisababishwa na uhamaji uleule, A&M walipoondoka Big 12 mwaka 2012. Mtu akikuvunjia mlango, akija kukuuzia bawaba unamshukuru?

Jambo la mwisho linatuhusu watu wa Afrika Mashariki, na nashangaa safu yako haikuligusa. Fedha ya futiboli ndiyo inayolisha michezo mingine ya chuo, riadha ikiwemo. Mwaka 1978 Henry Rono, Mkenya, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Ya mita 5,000 aliivunja Berkeley, ya kuruka viunzi na maji aliivunja Seattle, yaani kwenye viwanja vya ligi hiihii iliyosambaratishwa. Nyingine mbili alimalizia Vienna na Oslo. Ukitaja jina lake Pullman, wazee bado wanasimama.

Juni 2025 idara ya michezo ya chuo chetu ilitangaza kuifuta miruko na mitupo kwenye riadha na kupunguza mbio fupi na viunzi, ili ibaki zaidi na mbio ndefu. Kijana wa kwetu mwenye miguu ya mita 10,000 bado anaweza kupata ufadhili Pullman. Dada anayetupa mkuki hapati tena. Na wale waliohama nao si kwamba wamepumzika. Kutoka Seattle hadi Rutgers, New Jersey, ni zaidi ya kilomita 3,800. Timu ya futiboli inakodi ndege yake na kwenda mara chache kwa msimu, lakini wasichana wa voliboli na softiboli wanasafiri ratiba ndefu zaidi na vitabu mapajani, kwa mkataba ambao haukusainiwa kwa ajili yao.

Naomba pia umsahihishe mwandishi wako alipoandika kwamba Pac-12 imezikwa. Mahakama ilituachia sisi na Oregon State usukani, waliohama wakakubali kuacha dola milioni 65, na kuanzia Julai 2026 wanaingia Boise State, Fresno State, San Diego State, Colorado State, Utah State na Texas State, na Gonzaga ya hapa Spokane kwa michezo mingine. Ni ligi ndogo kuliko ile, sawa, ila ipo.

Apple Cup ya 2025 ilirudi Pullman, Septemba 20. Nilikwenda na glavu za yule mzee mfukoni kwa mazoea, nikakaa upande uleule nikimtafuta kwa macho. Jua lilikuwa linachoma, watu wamevaa kaptula, ngano imeshavunwa. Walitupiga 59 kwa 24.

Ni mimi msomaji wako,
Mhitimu wa Pullman
Spokane, Jimbo la Washington