Shukrani kwa kijana wa bodaboda wa njia ya Chemka

Tulikuwa tunarudi Moshi kutoka chemchemi za Kikuletwa, maarufu kama Chemka, tukiwa na mama yangu mkubwa, mgonjwa wa kisukari. Tairi likapasuka kwenye barabara ya vumbi kabla ya Boma Ng'ombe, na spea haikuwa na upepo. Magari yalitupita.

Kijana wa bodaboda akasimama. Alianza na mama: "Shikamoo bibi," akamketisha kivulini, akampa maji yake ya kunywa. Kisha akalifunga tairi nyuma ya pikipiki kwa mpira, akalipeleka Boma kuzibwa, akarudi nalo jua likizama. Jeki alipiga mwenyewe, magoti vumbini, huku akimsimulia mama jinsi maji ya Kilimanjaro yanavyopenya ardhini, yakaibukia pale Chemka kwenye mizizi ya mikuyu, kisha yakafuata Mto Kikuletwa hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Mama alitulia kabisa. Kwangu hilo lilizidi hata tairi.

Alipokea hela ya fundi tu. Jina hakutaja.

Mdogo wangu, Mungu akuzidishie. Nanyi mnaokwenda Chemka na magari, mkimkuta mtu amekwama njia ile, simameni.