Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: mabua ya mahindi yasichomwe pamoja na pamba

Mheshimiwa,

Kwa heshima zote. Tangazo la kung'oa na kuchoma masalia ya pamba kabla ya Septemba 15 limepita tena vijijini, na moto umeshavuka mipaka hadi kwenye mahindi na majaruba ya mpunga. Pamba hatuitetei; funza hujificha kwenye vitumba vilivyobaki na kungoja msimu. Lakini mabua ya mahindi yana kosa gani? Yakiungua, karibu naitrojeni yote hupotea hewani, na majivu husombwa na mvua za kwanza kuelekea ziwani, ambako magugu maji tayari yanatutesa.

Kila mkutano tunaambiwa mkulima hana elimu. Elimu anayo, kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru hapo Misungwi si mbali. Anajua luseni, udongo wetu wa kichanga, ikifunikwa kwa mabua walau theluthi moja haikauki upesi. Anajua mabua makavu yakifukiwa karibu na kupanda hunyang'anya mahindi naitrojeni, yakawa ya njano. Ndiyo maana huyaacha juu ya udongo, au huyafanya mboji. Huyakata vipande vya urefu wa kiganja, akapanga tabaka la sentimita 20, samadi sentimita 5 hadi 10, udongo kidogo na maji, kisha hupindua baada ya wiki tatu. Rundo likikosa maji haliozi, na kiangazi maji ya kumwagia yanatoka wapi kwa aliye mbali na ziwa?

Kinachomshinda zaidi ni ng'ombe. Mavuno yakiisha, shamba ni la wote. Aliyeacha mabua amelisha mifugo ya wengine, na kwato zimemshindilia udongo. Aliyekodi kwa msimu mmoja hana sababu ya kurutubisha ardhi ya mwenzake. Na kina mama, kuni zimeisha, wanapikia mabua hayohayo.

Mheshimiwa, mliahidi sheria ndogo kabla ya msimu uliopita. Hatujaiona. Tunaomba hiyo tu: shamba lililowekewa alama na serikali ya kijiji lisiingizwe mifugo wala moto tangu mavuno hadi kupanda, na faini ilipwe kwa mwenye shamba. Mwenye ng'ombe aachiwe mashamba yasiyo na alama. Ngitiri, yaani malisho yaliyotengwa, zimelindwa hivyo na wazee wetu, nasi tunajua kusimamia. Ipelekeni kwenye baraza la madiwani kikao kijacho.

Wakulima wa pamba, mahindi na mpunga,
Mkoa wa Mwanza