Uhamiaji ya Msafiri Zawose ipigwe redioni jamani

Mhariri habari za kazi. Mi mkazi wa Dunda hapa Bagamoyo, naandika sababu juzi nilikaa kijiweni karibu na stendi, kijana mmoja kaweka kwenye spika albamu ya Msafiri Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, ile ya 2017 inaitwa Uhamiaji, haijafika hata nyimbo ya pili mzee wetu mmoja akasema zima, hiyo sio ngoma ya Wagogo hiyo kompyuta. Iliniuma sana, manake huyu ni mtu wetu wa hapahapa.

Ni kweli kaifanya na prodyuza wa Uingereza, Sam Jones, na vinanda vya umeme vimo, besi imo, biti za mashine zimo. Ila tusikilize vizuri. Ilimba, ile ala ya Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, iko mbele palepale na sauti ni yake. Na kuna kitu watu wanasahau, ilimba yenyewe haijawahi kuwa na sauti safi ya kengele, fundi anatoboa tundu kwenye boksi la mbao anaziba na utando wa buibui, na kwenye vyuma anavalisha vipete vidogo, makusudi kabisa ili ivume ile zzzzz. Sasa besi ya mashine nayo inavuma, zikikutana zinaelewana, mi nikivaa hedifoni kuna sehemu sijui huu mvumo wa buibui au wa umeme, na napenda sana hapo.

Halafu hajaanza yeye. Baba yake marehemu mzee Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, alishatoa albamu ya Assembly mwaka 2002 na Michael Brook wa Kanada, gitaa la umeme na mitambo humohumo, na hakuna aliyewahi kumwambia mzee Hukwe hajui mila. Singeli je? Mashine mwanzo mwisho, tunaicheza harusini mpaka asubuhi na hatusemi zima.

Ombi langu kwa watangazaji wa redio, hata nyimbo moja tu jioni, watu watoke kazini waisikie. Albamu imetolewa na kampuni ya London, wazungu wanaisikiliza, sisi tunaoishi nayo mtaa mmoja mpaka mtu aje na flashi.

Yule mzee nimemuomba Jumapili aje nyumbani tuisikilize yote mpaka mwisho. Kakubali.

Msikilizaji, Dunda, Bagamoyo