Picha zimfuate kiongozi wa okestra

Bwana Mhariri,

Yeyote atakayeandaa muziki wa klasiki na picha ukutani katika jumba la makumbusho hapa Lubumbashi, tunamsihi aache video inayojiendesha. Mwendo wa okestra hubadilika kila usiku, na mwishowe picha huitangulia au hubaki nyuma yake. Zikatwe vipande, msomaji wa nota abonyeze kimoja kimoja akimtazama kiongozi.

Projekta iwe mbali na fidla, feni yake hufunika sauti nyororo. Taa za kusomea nota zielekee chini, la sivyo picha, kama ile ya misalaba ya shaba (fedha za kale za Katanga), itapauka.

Na onduleri, kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme ukikatika, ni lazima kabisa! Umeme ukikatika sekunde moja tu, projekta ya balbu haiwaki mpaka ipoe, dakika kadhaa. Taa za nota zichomekwe kwenye onduleri pia.

Mafundi wa sauti na taa,
Lubumbashi