Mdogo wangu, hukuiba wimbo

Mdogo wangu,

Video yako ya yule mwimbaji wa roshani iliingia saa tano na kidogo usiku, mama ameshavua kilemba na mimi natafuta kufuli la geti. Chini yake uliandika: "Dada, nimeangalia bure. Najiona kama nimeiba." Ningekujibu kwa WhatsApp tukamaliza, lakini klipu ya roshani ile ile nimeletewa na watu wengine watatu tangu Juni, na kila mmoja ana lake la kulalamika. Basi nakujibu hapa, mbele za watu. Utanisamehe, dada yako hajui kunyamaza.

Kwa wasomaji wasiojua: mdogo wangu yuko London, anahudumia wazee. Akitoka zamu ya jioni hukatiza Argyll Street kwenda kupanda treni. Kwenye mtaa huo kuna London Palladium, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1910, wenye viti zaidi ya 2,200. Kiangazi cha 2025 walionyesha Evita, igizo la nyimbo ambalo muziki wake ni wa Andrew Lloyd Webber na maneno ni ya Tim Rice. Lilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza huko huko London mwaka 1978, Elaine Paige akiwa Eva. Safari hii lilirudishwa na mwongozaji Jamie Lloyd, naye alifanya kituko. Ule wimbo mkubwa, "Don't Cry for Me Argentina", ambao hata mtu asiyejua igizo lolote duniani ameshausikia redioni, hakuimbiwa aliyekata tiketi. Sehemu ya pili ilipoanza, mwigizaji mkuu Rachel Zegler alitoka nje kwenye roshani ya jengo, kavaa gauni jeupe na wigi la nywele za dhahabu, akawaimbia wapita njia. Waliokaa ndani walimtazama kwenye skrini.

Mama aliiangalia video yako mara mbili. Akanirudishia simu, akauliza swali moja tu: "Na hao waliolipa, wanamwona wapi?"

Nikamwambia wanamwona kwenye kioo, kama sisi.

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema tulale, maana kesho kuna kwenda sokoni Mwaloni, hapa Mwanza.

Swali lake ndilo lililozua kelele zote. Kuna viti vya ukumbi ule vilivyouzwa zaidi ya pauni 200, yaani zaidi ya laki sita za kwetu kwa kiti kimoja, usiku mmoja. Mtu ametoa pesa hiyo, amevaa, amesafiri, pengine amelipia na hoteli, halafu dakika aliyoifuata inapewa mtu aliyebeba mfuko wa viazi na maziwa. Wapo waliosema wazi kwamba wamedhulumiwa. Wapo pia waliotoka mle ndani wakisema hawajawahi kuona kitu kizuri kama kile: kwenye skrini unamwona Eva kwa karibu, kope kwa kope, na nyuma yake barabara imefurika watu wa kweli. Hakuna ukumbi unaoweza kuajiri waigizaji wengi hivyo kila usiku.

Hapo kwenye "waigizaji" ndipo niliposimama, mdogo wangu. Rudia kuisoma sentensi hiyo, halafu uniambie tena nani kaiba.

Kumbuka huyo Eva alikuwa nani. Alizaliwa 1919, mtoto wa nje ya ndoa huko mashambani Argentina, akaenda Buenos Aires akiwa binti mdogo, akawa mwigizaji, sauti yake ikajulikana redioni. Akaolewa na Juan Perón mwaka 1945, na mwaka uliofuata mume akawa rais. Alikufa Julai 1952, na miaka 33 tu. Maskini waliompenda waliitwa "wasio na mashati", na aliposimama kwenye roshani ya ikulu akiwahutubia, walijaa chini mpaka huoni lami. Ndani ya igizo, roshani hiyo ni mtego. Kuna mtu anaitwa Che ambaye tangu mwanzo anamfuata Eva nyuma nyuma akimsuta, akituonyesha ngazi alizopandia na aliowakanyaga njiani. Kwa hiyo ukifika kwenye wimbo ukiwa umekaa ndani, unajua. Unamwona mwanamke anayelia vizuri sana, na unajiuliza machozi yale yamepimwa kwa kijiko kipi.

Wewe hukumwona Che. Ulitoka kazini, ukakuta umati, ukainua simu. Ulipewa sato aliyetolewa miiba. Ukashangilia, na jirani yako yule mwenye koti la mvua (nimemsikia, anapiga mayowe karibu na simu yako) akashangilia zaidi. Mlichokifanya ndicho Eva alichokuwa akikitaka, na ndicho mwongozaji alichokihitaji. Waliolipa waliketi gizani wakawaona mnavyoshawishika. Nyinyi ndio mlikuwa wasio na mashati wa usiku ule. Ulifanya kazi, mdogo wangu, zamu ya pili baada ya zamu yako, na hukulipwa hata nauli.

Usikasirike, sisemi walikutumia vibaya. Mimi ningesimama pale pale, tena ningefika mapema nikashika nafasi. Lakini nimeishi nchi yenye mikutano ya hadhara, na nimeona malori yakishusha watu uwanjani, kila mmoja na fulana mpya iliyokunjwa mistari na chupa ya maji. Huwa siwatazami wanaohutubia. Nawatazama wenye fulana. Kuna anayeshangilia kwa moyo, kuna anayeangalia saa, na kuna mama mmoja ambaye lazima umkute kila mkutano, amekaa chini amenyoosha miguu, anachambua mchele aliokuja nao.

Basi kesho yake nikaenda na simu Mwaloni, Kirumba. Mama alikuwa na gunia tatu za dagaa za kukabidhi kwa mteja wa Congo, na mteja akachelewa, kama desturi yake. Tukakaa juu ya magunia. Nikaichomoa video. Walikuwa wanawake watano, simu moja, jua la saa nne linaangaza kioo mpaka ikabidi mmoja atufunike kwa khanga. Hawajui Argentina iko wapi, isipokuwa Messi. Sikuwaeleza chochote, nilitaka kusikia.

Wa kwanza akasema gauni zuri. Wa pili akasema, "Anaimba kama anadai deni." Nikamwomba arudie nikaandika, maana sijasoma maoni ya mwandishi yeyote wa magazeti yaliyolenga vile. Wa tatu, ambaye ni mwanakwaya, akafunga macho asikilize sauti tu, akatikisa kichwa akasema huyu binti ana pumzi, sikia anavyoshika pale mwisho hatetemeki. Ana miaka 24, nikamwambia. Akasema inasikika.

Wa nne akaudhika. "Mbona hamna anayepiga makofi?"

Tukairudisha. Kweli, wimbo unapoisha kuna mayowe na miluzi, ila makofi ni haba mno. Ilinichukua muda kujua kwa nini, na bila shaka wewe unajua: mkono mmoja una simu. Mikono yote ile iliyoinuliwa kwenye video yako, mia na zaidi, imeshika simu. Kwa kiganja kimoja hupigi kofi. Mle ndani, nimesoma, walikuwa wanasimama na kupiga makofi mpaka viganja vinawaka. Sijui kama ndiyo faida ya tiketi, kwamba wanakukataza kurekodi na unabaki na mikono miwili, lakini nimeiweka akilini.

Wa tano hakusema neno. Alikuwa anahesabu sado.

Sasa nikwambie kwa nini mama alicheka vile usiku ule. Unaikumbuka Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma? Ulikuwa mdogo, pengine hukumbuki zaidi ya vumbi. Tulipanda gari Buzuruga, tukashuka Kisesa, tukapandisha kwa miguu mpaka Bujora, pale kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement, yule Mkanada. Sikukuu ya Ekaristi, mwezi Juni, maandamano na maua, halafu mchana ngoma. Makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu. Hao wametokana na waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, waliobishana nani mwenye dawa kali zaidi, na ubishi haujaisha hadi leo.

Namna ya kushindana unaijua, lakini niiandike kwa ajili ya wengine. Hawapokezani jukwaa. Makundi mawili yanacheza wakati mmoja, kila moja na upande wake wa uwanja, na watazamaji wako katikati wanakwenda wanakotaka. Aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Hakuna jaji na karatasi, miguu yako ndiyo kura. Kwa hiyo manju, kiongozi wa nyimbo wa kila upande, anaimba jicho moja liko kwenye kundi lake na jingine liko kwa watu wake wanaomponyoka, na akiona wanaponyoka anatoa alichoficha: wimbo mpya wenye tusi, mchezaji anayebinuka, nyoka.

Babu alikuwa wa Bagika, kwa hiyo na sisi sote. Mwaka ule tulikuwa tumesimama upande wetu kwa adabu, mama amenishika mkono, wewe uko mgongoni. Upande wa pili ukalipuka kelele. Mtu akapiga ukelele, "Chatu!" Nikaona watu mia mbili wanageuka kama dagaa walioshtuliwa na karabai. Babu hakugeuka. Akabana fimbo yake chini ya kwapa, akakaza macho kwa wacheza ngoma wake, akaanza kupiga makofi peke yake, polepole, kwa makusudi.

Mama alingoja. Nilihisi kidole chake kinagonga gonga kiganjani mwangu. Halafu akakimbia. Akakimbia na wewe mgongoni na mimi nikiburutwa, ndala yangu moja ikabaki kwenye vumbi na mpaka leo sijaiona. Tukajipenyeza mpaka mbele. Chatu alikuwa mnene kama paja la mtu mzima, yule kijana amemvisha shingoni kama mtandio, anatabasamu, na jasho lake linatiririka juu ya magamba ya chatu.

Njiani kurudi babu hakusema na mama. Kutoka Bujora mpaka Kisesa stendi, kimya. Kwenye gari akaniuliza mimi, mtoto wa miaka minane: "Alikuwa mkubwa?" Nikasema alikuwa mkubwa sana babu. Akaguna, akatazama nje.

Ndiyo maana mama alicheka. Yeye anajua mtazamaji ni mtu mwenye miguu. Wale wa pauni 200 roshani iliwaita wakashindwa kukimbia, tiketi imewafunga kwenye kiti. Ukumbi ungewafungulia milango waende barabarani kusimama na nyinyi, nadhani nusu wangetoka, na wangerudi wamefurahi zaidi. Jamie Lloyd anapenda mchezo huu wa kutoka nje. Kwenye Sunset Boulevard, igizo jingine la Lloyd Webber, alimtoa mwigizaji akaimba akitembea barabarani na kamera inamfuata, watu ndani wanatazama. Lakini anaowatoa ni waigizaji tu. Watazamaji bado hajawathubutu. Siku akija Bujora tutamfundisha.

Na wewe, ambaye ulikuwa na miguu huru London nzima, ulisimama. Hakuna aliyekuleta kwa lori. Umechoka, una njaa, treni inapita kila baada ya dakika chache, na ukasimama mpaka mwisho wa wimbo. Kwa hesabu za Bulabo hiyo ni kura halali kuliko ya mtu aliyefungwa na risiti. Sasa futa hilo neno "nimeiba".

Mambo mengine: bati la jikoni limebadilishwa, wabeja sana (asante sana, kwa Kisukuma) kwa pesa. Mteja wa Congo alifika saa nane na akapunguza bei, tukapunguza kelele.

Mama ana ombi. Anasema igizo liliisha tarehe 6 Septemba 2025, lakini wewe unapita pale kila siku. Gauni ameshaliona, limemtosha. Siku nyingine, wakitoa mtu tena kuimba roshani, geuza simu umwonyeshe watu.

Dada yako,
Igoma